Gari la Umeme la Mtumba: Cha Kupima Kabla ya Kulipa

Chukua Nissan Leaf mbili zilizotoka kiwandani mwaka 2018. Zote nyeupe, zote zina kilomita 60,000 kwenye odometa, zimeegeshwa pamoja katika yadi moja ya Mombasa na bei zake zinalingana. Ya kwanza ikijazwa chaji itaenda kilomita 220 kwa mwendo wa kawaida. Ya pili itaishiwa kabla ya kufika 180. Ukizizunguka hutaona tofauti, na ukifungua boneti hutapata la kukusaidia, maana hakuna injini ya kusikiliza wala moshi wa kutazama. Tofauti imo ndani ya sanduku la chuma lililofungwa chini ya sakafu, nalo ndilo kifaa ghali kuliko vyote katika gari hilo.

Hapo ndipo mazoea yetu ya kununua magari ya mtumba yanapotutupa. Kwa miongo kadhaa tumejifunza kuipima Toyota kwa mwaka wa kutengenezwa, kilomita, hali ya bodi na mlio wa injini, na fundi hodari akiiwasha asubuhi ikiwa bado baridi hujua mengi kabla hata ya kupanda. Soko la magari ya umeme limerithi vigezo vilevile. Madalali hupanga bei kwa mwaka na kilomita, wakati betri huzeeka kwa sababu nyingine pia: miaka inayopita hata kama gari limesimama, joto la mahali lilipoishi, chaji za haraka lilizopigwa, na muda lililokaa limejaa pomoni huku likiwakiwa na jua. Mimi naliona gari la umeme lililotumika kuwa chombo cha kuaminika, mara nyingi kuliko la petroli la umri wake, kwa kuwa vitu vinavyozunguka na kusagana ndani yake ni vichache mno. Ila uaminifu huo haukisiwi. Hupimwa, na vipimo vyake si vile tulivyovizoea.

Mfano wangu ni Leaf kwa sababu ya wingi wake. Nissan ilianza kuiuza Desemba 2010, na miongoni mwa magari ya umeme yaliyotumika yanayotoka Japani hakuna lililo jingi kama hilo. Jina ni moja lakini magari ni kadhaa, na nambari ya chesisi ya gari la Japani itakwambia lipi ni lipi kabla muuzaji hajafungua mdomo. Ikianza na ZE0 ni toleo la mwanzo kabisa, la 2010 hadi 2012, lenye betri ya kilowati-saa 24. AZE0 ni la kuanzia mwisho wa 2012 hadi 2017, lenye 24 au 30. ZE1 ni umbo jipya lililoingia Oktoba 2017 na betri ya 40, na kuanzia 2019 likapata pia betri ya 62.

Muuzaji atakutajia umbali ambao gari linaenda likijaa. Muulize aliupata wapi. Kipimo cha zamani cha Japani kiitwacho JC08 kiliipa Leaf ya 40 kilomita 400. EPA, shirika la mazingira la Marekani, lililipima gari hilohilo likapata 243. Kwa foleni na milima yetu, hesabu ya EPA ndiyo iliyo karibu na ukweli, nayo ni ya gari jipya. Leaf ya 24 ya mwaka 2011 ilianza maisha na kilomita 117 kwa kipimo hicho. Ukiikuta leo imebakiwa na theluthi mbili ya betri yake, umepata gari la kilomita 78 hivi, na hapo hujawasha kiyoyozi wala kubeba abiria wanne.

Sheria za kuingiza magari nazo zinaamua utakutana na lipi. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo linaloshuka bandarini Kilindini sasa ni ZE1. Ukiona ZE0 au AZE0 Nairobi, ujue ilikuja zamani na imekwisha kuishi maisha mawili, ya Japani na ya huku. Uganda kikomo chake ni miaka 15. Tanzania haizuii kwa umri bali hutoza ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8, na hivyo mlango wa Leaf kongwe uko wazi kwa anayekubali kulipa. Mnunuzi wa Dar es Salaam, kwa hesabu hiyo, ana sababu kubwa zaidi ya kuwa mkali.

Sasa joto. Magari mengi ya umeme ya leo hupozea betri zake kwa maji yanayozunguka ndani ya sanduku. Leaf za matoleo haya hazina mfumo huo. Mota na kifaa kinachoiendesha vinapozwa kwa maji, lakini betri yenyewe imeachiwa hewa tu, na hewa ya Phoenix, Arizona, ndiyo iliyoufichua udhaifu huo mapema. Mwaka 2012 wamiliki wa huko walianza kulalamika kwamba magari ambayo hayajafikisha hata miaka miwili yalikuwa yakipoteza nguvu, wakaenda mahakamani, na Nissan ikalazimika kuongeza dhamana maalumu ya uwezo wa betri: miaka 5 au maili 60,000. Baadaye kampuni ilibadilisha kemia ya betri ili ivumilie joto zaidi, na ndiyo maana AZE0 za miaka ya mwisho zina sifa nzuri kuliko ZE0. Kampuni ya Geotab, inayofuatilia data za magari ya mashirika, ililinganisha mwaka 2020 magari mawili ya modeli ya 2015: Tesla Model S yenye betri ya kupozwa kwa maji ilipoteza wastani wa asilimia 2.3 kwa mwaka, Leaf asilimia 4.2.

Asilimia 4.2 haionekani kubwa mpaka uizidishe kwa 8. Na ni wastani wa nchi ambazo nyingi zina baridi. Mombasa na Dar hazina. Nairobi, iliyoko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ni mahali pazuri zaidi kwa betri isiyopozwa kuliko pwani nzima, na kama ningekuwa nachagua kati ya Leaf mbili za umri mmoja zilizotumika humuhumu nchini, iliyoishi Limuru ningeitanguliza mbele ya iliyoishi Malindi bila kusita. Huko Japani vilevile: gari la Hokkaido limeishi kwenye ubaridi unaoilinda betri, ingawa chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji hula chuma cha chini ya gari. La Okinawa lina joto na upepo wa bahari pamoja.

Tufike kwenye kipimo chenyewe. Upande wa kulia wa dashibodi ya Leaf kuna safu ya vipande vidogo 12 vinavyoonyesha uwezo wa betri uliobaki, tofauti na vile vikubwa vinavyoonyesha chaji. Wauzaji hupenda kuvipiga picha. Vina maana, lakini maana yake ni pana mno. Kipande cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze takriban asilimia 15. Baada ya hapo kila kipande ni asilimia 6 na kitu. Kwa hiyo gari la vipande 12 linaweza kuwa na asilimia 99 au 86, na tofauti kati ya hizo mbili ni miaka kadhaa ya maisha. Vipande 11 ni kati ya 79 na 85. Vipande 9 ni karibu theluthi mbili, na kwa betri ya 24 hapo tayari ni gari la mitaani.

Tena vipande hivyo huweza kudanganya. Kompyuta ya betri ikifutwa kumbukumbu kwa mashine ya gereji, vyote 12 hurudi kuwaka, gari likaonekana jipya, kisha kadiri linavyoendeshwa kompyuta hujifunza upya hali halisi na vipande vikaanza kuzimika kimoja baada ya kingine, wiki chache baada ya pesa kubadilisha mikono. Hila hii inajulikana popote Leaf za mtumba zinapouzwa.

Dawa yake ni kusoma kompyuta mwenyewe. Chini ya usukani kuna soketi ya ukaguzi, ileile ambayo mafundi huchomeka mashine zao. Nunua kifaa kidogo cha bluetooth kinachoingia hapo, weka kwenye simu programu iitwayo LeafSpy, na dakika chache baadaye una namba ambazo dashibodi inazificha. Ya kwanza ni SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia. Ya pili ni Hx, inayohusiana na ukinzani wa ndani ya betri. SOH ikiwa juu sana na Hx iko chini, uliza kama kumbukumbu imefutwa. Programu hiyo pia huhesabu mara ambazo gari limechajiwa kwa chaja ya haraka na mara limechajiwa polepole, na huonyesha joto la betri. Gharama ya kifaa ni ndogo kuliko unayomlipa fundi kukagua Toyota.

Hata hivyo namba ya kompyuta si neno la mwisho, na kuna kisa kinachofaa kukumbukwa. New Zealand imejaa Leaf za mtumba kutoka Japani kuliko sisi. Mwaka 2018 watafiti wa mradi wa Flip the Fleet huko walikusanya usomaji wa wamiliki wakakuta kwamba Leaf za 30 zilikuwa zikipoteza karibu asilimia 10 kwa mwaka, wakati zile kongwe za 24 zilipoteza karibu 3. Habari ikazagaa kwamba toleo la 30 ni bovu. Miezi michache baadaye Nissan ikaeleza kuwa betri zilikuwa nzima. Programu iliyokuwa ikipima ndiyo iliyokosea hesabu. Ikatolewa programu mpya, na magari yaliyowekewa yakarudisha asilimia zake. Hadi leo Leaf ya 30 ambayo haikurekebishwa inaweza kuonyesha afya mbaya kuliko iliyo nayo, jambo ambalo ni hasara kwa muuzaji asiyejua na nafuu kwa mnunuzi anayejua. Fundisho kwa wote wawili ni moja: thibitisha kwa barabara.

Kwanza puuza lile kadirio la kilomita zilizobaki lililoandikwa kwa namba kubwa mbele ya dereva. Kompyuta hulikokotoa kutokana na namna gari lilivyoendeshwa karibuni. Aliyeteremka nalo kutoka Limuru hadi Westlands polepole, akiachia mteremko uirudishie betri umeme, atakuletea gari linaloahidi maajabu. Kinachofaa ni hesabu ya mkono. Andika asilimia ya chaji ya kuanzia, rudisha kwenye sifuri kipimo cha safari na kile cha wastani wa matumizi, kisha endesha umbali wa maana. Tuseme Leaf ya 40 imeenda kilomita 90, wastani unasema kilomita 7 kwa kila kilowati-saa, na chaji imeshuka kutoka asilimia 100 hadi 58. Umetumia takriban kilowati-saa 12.9, nazo ni asilimia 42 ya betri. Betri nzima basi ina kama 30.6. Ilipokuwa mpya, kiasi kinachotumika cha betri hiyo kilikuwa takriban 37. Unaangalia gari lenye afya ya asilimia 83 hivi. LeafSpy ikikupa namba iliyo karibu na hiyo, iamini. Ikikupa 97, kuna kitu.

Sikatai kwamba kilomita 90 ni nyingi kumwomba muuzaji. Omba 40, hesabu itakuwa na makosa makubwa zaidi kidogo lakini itasema. Na kuna kitu ambacho ni muhimu kuliko urefu wa safari, nacho ni chaji ya kuanzia. Wauzaji huleta gari limejaa, na gari lililojaa huficha ugonjwa mmoja ambao ndio mbaya kuliko yote.

Betri ya Leaf si kitu kimoja. Ndani ya ile ya 24, ya 30 na ya 40 kuna seli 192, zilizounganishwa mbilimbili, na jozi hizo 96 zikafuatana kwa mstari mmoja. Umeme unaopita katika jozi moja ndio unaopita katika zote, na kama msafara wa ngamia, wote huenda kwa mwendo wa aliye dhaifu. Betri inaweza kuwa na afya ya jumla ya asilimia 80 huku jozi moja ikiwa imekwisha. Hiyo moja ikifika chini, kompyuta hulizuia gari zima hata kama jozi 95 zina umeme wa kutosha. Chaji ikiwa juu, volti za jozi zote hulingana na hutaona lolote. Ikishuka chini ya asilimia 30 na ukikanyaga mafuta (tunasema hivyo bado, ingawa mafuta hayamo), jozi mgonjwa huporomoka peke yake. Kwenye skrini ya LeafSpy utaona mistari 96 inayowakilisha jozi hizo, na mmoja umezama. Tofauti ya milivolti kumi au ishirini gari likiwa limetulia ni ya kawaida. Tofauti ya mamia ukiwa unapanda mlima ni ishara ya kufunga mkoba.

Asiye na kifaa ana kobe. Nissan iliweka kwenye dashibodi alama ya kobe ambayo huwaka gari linapopunguza nguvu ili kuilinda betri. Kobe akiwaka chaji ikiwa imebaki asilimia 3, hiyo ni kazi yake. Akiwaka kwenye 20, au namba ya chaji ikiruka ghafla kutoka 25 hadi 12 unapopanda, seli zimeoza. Kwa hiyo mwambie muuzaji mapema: nitakuja kuliona gari likiwa na chaji kama asilimia 40, usilijaze. Jibu lake tu litakufundisha.

Kuhusu kuchaji, watu huuliza maswali machache mno. Leaf ya Japani ina matundu mawili puani. Moja ni la chaji ya polepole, aina inayoitwa Type 1. La pili ni CHAdeMO, mfumo wa Kijapani wa chaji ya haraka. Vituo vingi vinavyojengwa duniani sasa huelekea CCS2 ya Ulaya au GB/T ya China, na Nissan yenyewe gari lake la Ariya ililiuza Ulaya na Marekani likiwa na CCS. Maana yake si kwamba Leaf haichajiki. Maana yake ni kwamba mwenye Leaf huku ategemee kuchaji nyumbani, na chaji ya haraka aione kama bahati inapopatikana. Na hata ipatikanapo, Leaf ya 40 ikishapata joto baada ya safari ndefu hupunguza kasi ya kupokea umeme. Wamiliki wa Ulaya walilalamikia hilo sana mwaka 2018. Anayewaza Nairobi hadi Mombasa kwa siku moja na gari hili atafute gari jingine.

Jaribu matundu yote mawili kabla ya kulipa, kwa angalau dakika kumi na tano kila moja. Chaja iliyomo ndani ya gari, inayogeuza umeme wa ukutani kuwa wa betri, ikifa ni kifaa cha bei, na haionyeshi dalili mpaka uchomeke. Uliza pia uwezo wake: Leaf nyingi za Japani zilikuja na kilowati 3, na 6 ilikuwa ya kulipia zaidi. Kwa betri ya 40 iliyo tupu hiyo ni tofauti ya saa 16 na saa 8. Kebo inayokuja na gari ilitengenezwa kwa volti 100 au 200 za Japani, na soketi zetu ni 230 hadi 240, kwa hiyo afadhali ununue kebo iliyotengenezwa kwa volti za huku. Na mwite fundi umeme aangalie waya za nyumba, kwa sababu soketi ya jikoni iliyozoea birika kwa dakika tano sasa itabeba mzigo huohuo usiku kucha.

Sehemu nyingine za gari zinapita haraka. Ile betri ndogo ya volti 12, ya kawaida kabisa, ikichoka hulifanya gari zima liwashe taa za onyo kama vile limekufa. Ibadilishe kwanza kabla ya kukubali hukumu ya mtu yeyote. Diski za breki hupata kutu kwa kutotumika, kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo mara nyingi. Gari ni zito, kama tani moja na nusu, kwa hiyo bushi, shokapu na tairi huisha mapema kwenye barabara za vumbi. Sikiliza mluzi unaoongezeka na mwendo, unaweza kuwa wa beringi. Halafu lipandishe juu. Hili usiliache: bamba la chini ya sanduku la betri likiwa limebonyea au limekwaruzwa na jiwe au tuta, ondoka. Angalia kama boliti za sanduku zimewahi kufunguliwa, na kama kebo za rangi ya chungwa, zile za volti nyingi, zimefungwa utepe na mtu wa mtaani.

Na maji. Sanduku la betri limezibwa vizuri na mvua haina shida nalo, lakini gari lililozama ni jambo jingine, hasa kwa maji ya chumvi. Baada ya kimbunga Ian cha Septemba 2022 huko Florida, magari ya umeme yaliyofunikwa na maji ya bahari yalishika moto, mengine siku kadhaa baadaye. Tafuta tope chini ya zulia, kutu kwenye reli za viti, harufu ya unyevu.

Anayeagiza moja kwa moja kutoka nje hawezi kufanya nusu ya haya, na hapo karatasi huchukua nafasi ya macho. Dai karatasi ya mnada ya Japani, ile yenye mchoro wa gari na alama za mkaguzi. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. R ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Japani kwenyewe Leaf huuzwa kwa kutajwa idadi ya vipande vya betri, kwa hiyo muuzaji anayekuficha idadi hiyo anajua anachokificha. Mwombe picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, na skrini ya LeafSpy, ikionyesha nambari ya chesisi. Wauzaji makini hutoa. Usishangae pia kukuta skrini inazungumza Kijapani na redio haishiki stesheni nyingi za huku, kwa kuwa masafa ya Japani ni mengine. Hayo ni ya kuvumilia.

Uingereza, soko jingine la usukani wa kulia, lina mtego wake. Renault Zoe nyingi za huko ziliuzwa bila betri: mnunuzi alinunua gari, betri akawa anaikodi kwa malipo ya kila mwezi. Ukiona Zoe ya bei ya kushangaza, uliza kwa maandishi kama betri ni mali ya muuzaji. Kwa magari mengine, tafuta kama yaliitwa kiwandani. General Motors iliita Chevrolet Bolt zote, zaidi ya 140,000, mwaka 2020 na 2021 kwa kasoro ya seli iliyoweza kuleta moto, na Hyundai ikaita maelfu ya Kona kwa sababu kama hiyo. Gari lililoitwa likabadilishiwa betri linaweza kuwa ununuzi mzuri kuliko wenzake, maana betri yake ni changa kuliko bodi. Lililoitwa lisipelekwe ni hatari unayoinunua kwa pesa yako.

Cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa kisikutulize. Kiwango ambacho KEBS, shirika la viwango la Kenya, hutumia kwa magari yaliyotumika, KS 1515, ni cha mwaka 2000, miaka kumi kabla ya Leaf ya kwanza. Kinaangalia kama gari ni salama barabarani. Betri yenye asilimia 60 hupita bila swali, kwa kuwa taa, breki na usukani ni vizima.

Mwisho kabisa, na wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa, ni nani atalitengeneza. Japani mwaka 2018 Nissan ilitangaza kubadilisha betri ya 24 kwa ile iliyorekebishwa upya kwa yeni 300,000, kutoka kiwanda cha 4R Energy, kampuni yake ya ubia, kilichoko Namie, Fukushima. Huku tunategemea betri za magari yaliyopata ajali, na zinafaa, mradi mfungaji ajue kuioanisha kompyuta ya betri na gari. Kabla ya kununua, mtafute fundi huyo, si baada. Mwulize anakatia wapi umeme wa betri kuu kabla ya kuanza kazi. Kwenye Leaf ni kizibo kilicho chini ya zulia la nyuma. Akibabaika, au kama hana glavu za mpira za volti nyingi, hujampata bado.

Kwa nani basi linafaa? Kwa mwenye mahali pa kuegesha penye umeme wake mwenyewe, anayeenda kilomita 40 hadi 80 kwa siku na kurudi nyumbani, Leaf ya 40 yenye afya ya 80 na zaidi ni ununuzi mzuri na itadumu. Ya 30 inafaa kwa bei yake. Ya 24 mimi singeinunua pwani hata kwa bei ya bodaboda, isipokuwa kwa mtu wa kwenda sokoni na shuleni anayejua anachokinunua. Anayekaa ghorofani asikokuwa na soketi ya gari asubiri.

Wenye uwezo wa kurahisisha haya wapo. Umoja wa Mataifa kupitia UNECE ulitoa mwaka 2022 kanuni inayotaka betri ya gari jipya ibaki na angalau asilimia 80 baada ya miaka 5, na Umoja wa Ulaya utadai kila betri kubwa iwe na pasi yake ya kidijitali kuanzia Februari 2027. KEBS na mwenzake wa Tanzania, TBS, hazihitaji kungoja hayo yote. Mstari mmoja kwenye cheti cha kuingiza gari, unaotaja afya ya betri kwa asilimia na tarehe iliposomwa, ungetosha kubadilisha bei za yadi zote kutoka Mombasa hadi Dar es Salaam.

Mpaka mstari huo uje, mzigo ni wa mnunuzi. Muuzaji akikataa kifaa kichomekwe, au akisisitiza kwamba gari lazima lijazwe kwanza ndipo ulione, mrudishie ufunguo wake na uende yadi ya pili.